Je, Upendo Waweza Kuuzuia Mkono?

Mzazi anapoungua kwa homa, mkono wa mwana haungoji ruhusa kumfuta jasho. Ndivyo tulivyolelewa huku kandokando ya Ziwa Viktoria: mgonjwa huuguzwa kwa mikono, na maiti huoshwa na jamaa zake. Tuseme nini, basi, siku daktari anapotuambia, “Msimguse”?

Swali hili si la kubuni. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba, ng’ambo ya ziwa kutoka hapa Mwanza. Waliugua watu 9, wakafa 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Mwezi wa Januari 2025 ulitangazwa tena, Biharamulo. Wakahesabiwa wagonjwa 10, na wote wakafa.

Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda, walalao mapangoni. Vikisha kumwingia mtu, humpata mwingine kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili, hata ya maiti. Vyapita katika njia ile ile ya huruma. Ndiyo sababu huwapata hasa jamaa na wauguzi. Dalili za kwanza hufanana na za malaria. Kipimo cha maabara ndicho kikatacho shauri. Chanjo au dawa maalum iliyoidhinishwa haijapatikana bado, lakini apewaye maji na matunzo mapema huongezewa tumaini la kupona.

Wako wasemao kwamba kumtenga mgonjwa ni kumtupa. Twakiri, neno hilo lina uchungu wa kweli: afaye bila kushikwa mkono na mkewe amekosa kitu kisicho na badala. Lakini je, yeye mwenyewe angependa mkono wake uwaue watoto wake? Amfichaye nyumbani hakumtunza. Amemnyima matibabu, tena amemfanya mlango wa mauti kwa jirani.

Hata hivyo, katazo la kumgusa si ruhusa ya kumsahau. Yatupasa kumpelekea salamu, kuwalisha watoto aliowaacha nyumbani, na akipona, kumpokea bila kumnyoshea kidole. Naye mhudumu aingiaye kwake amevaa nguo za kujikinga, huyo ndiye mkono wetu. Tumwombee, tena tudai kwamba asikose glavu.