Ramadhani 12: Maji ya Zege Langu



Kabla Shaabani haijaisha niliongeza zege uani, hatua nne hivi, mpaka kwenye ukuta wa jirani, ili watu wa futari wapate pa kukaa. Nia njema, au siyo? Fundi akaniuliza mteremko uelekee wapi. Nikamwambia, "Popote, mradi maji yasirudi mlangoni kwangu."

Juzi mvua imenyesha. Udongo wa zamani ulikuwa unayanywa maji. Zege halinywi kitu. Yote yamepita chini ya ukuta yakaingia jikoni kwa bibi yetu wa jirani, mjane. Nimeambiwa na mjukuu wake, si yeye.

Kiwanja changu, saruji yangu, nia ya kheri: kosa liko wapi? Onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya anayepora hata shibiri moja ya ardhi tunalijua sote, na mpaka tunauchunga. Mimi sikuvuka hata kidole. Maji yangu ndiyo yaliyovuka. Haki ya jirani haipimwi kwa futi kamba.

Kilichoniuma zaidi ni kunyamaza kwake. Angekuwa jirani mwingine angemgongea mlango. Kwa imamu kaona haya. Nami kimya kile ningekihesabu kuwa ni radhi!

Jana baada ya Alasiri nilimwendea. Kabla sijasema neno, akaniuliza futari ya watu inaendaje.

Leo fundi anakata mfereji na kuchimba shimo la kokoto upande wangu. Kwa hiyo futari ni ukumbini, tutabanana.