Mwanafunzi na Njia Yake

Katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, abiria huuliza kwanza gari liendako, ndipo akate tikiti. Je, mwanafunzi aingiaye kidato cha nne huambiwa masomo ayachaguayo yatamfikisha wapi? Nchini Rwanda, tangu mwaka wa masomo 2025/2026, mbele yake zipo njia tatu: hisabati na sayansi, sanaa na masomo ya jamii, na lugha. Sisi walimu wa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi hapa mwaka 2017, twatamani madarasa yetu yajae. Lakini kumvuta kwetu mtoto atakaye udaktari, tukimficha kwamba chuo kitamdai sayansi, ni khiana. Na kumtisha apendaye lugha ni dhuluma. Yatupasa kumweleza ukweli wote, kisha tumwachie achague mwenyewe.