Elimu ya Mnunuzi na Ujinga wa Muuzaji

Mambo ya biashara huulizwa kila siku misikitini kwetu, lakini suala nililoletewa nilipokuwa Nairobi, baada ya swala ya alasiri katika mtaa wa Kibera, sikuwahi kuulizwa kabla yake. Aliyeuliza ni kijana wa Kawangware, fundi wa cherahani, mwenye pato dogo na mapenzi makubwa ya jambo moja, nalo ni kukusanya sarafu. Wala si kila sarafu, bali zile ambazo uso wake wang'aa mfano wa kioo.

Yafaa msomaji aelewe kwanza sarafu hizo ni zipi. Sarafu hupigwa baina ya mihuri miwili ya chuma. Mihuri ikiwa mipya na imesuguliwa vyema, zile za mwanzo hutoka na uso mwangavu hata mtu akajiona ndani yake. Ikisha kupiga maelfu na maelfu huchakaa, na zinazofuata hutoka zimefifia. Ziko nyingine ambazo hupigwa makusudi kwa ajili ya watunzaji, kwa mihuri ya namna ya peke yake na kwa pigo zaidi ya moja, na hizo huuzwa ghali katika visanduku vyake. Kijana wetu hazimudu. Yeye hutafuta zile zilizopata kioo kwa nasibu tu, zikaingia sokoni pamoja na wenzake. Akirudishiwa chenji dukani huigeuza mbele ya taa, na akiipata shilingi ya twiga ya mwaka 2018 iliyo na kioo chake, huifunga katika karatasi na kuiweka. Imemgharimu shilingi moja.

Je, kuweka huko si kule kulimbikiza mali kulikokemewa? Imam al-Ghazali, katika Ihya, ameeleza kuwa fedha imeumbwa iwe kama kioo, kazi yake ni kuonyesha thamani ya vitu vingine, na mwenye kuifungia huizuia na kazi yake. Maneno haya ni ya haki. Lakini soko la Kawangware halisimami kwa sababu ya shilingi ishirini zilizomo sandukuni mwa fundi cherahani. Madhali hana deni alilolichelewesha kwa ajili ya sarafu hizo, wala hakuwapunguzia watu wake chakula, na zaka ikimpasa huitoa, basi sioni ubaya katika pumbao lake. Na mwenye duka aliyempa shilingi hakudhulumiwa kitu, kwani alitoa shilingi kwa hesabu ya shilingi, na asingeipata zaidi ya hiyo kwa mtu mwengine.

Laiti suala lingeishia hapo. Kijana akainamisha kichwa, akanieleza lililomleta.

Kibera, kama wajuavyo wengi, ilianza kuwa makazi ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na jina lenyewe latokana na neno lao la msitu. Wajukuu wao wangalipo hadi leo, na katika nyumba zao mna vitu vya wazee. Bibi mmoja mkongwe alimtolea kijana huyu kopo aliloachiwa na babake. Ndani mlikuwa na senti za tundu na shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme wa Kiingereza upande wa pili, za wakati ule ambapo robo ya shilingi ilikuwa fedha halisi. Nyingi zilikuwa nyeusi kwa kukaa. Moja tu, iliyokuwa imefungwa kitambaa peke yake, ilibaki na kioo chake kana kwamba imetoka kupigwa jana.

Bibi akauliza, "Mwanangu, hivi vina faida gani?"

Kijana akajibu, "Nyanya, nitakupa shilingi mia tatu kwa vyote."

Bibi akafurahi, akapokea, akamwombea dua. Kijana akaenda zake, naye ajua kuwa ile moja peke yake yapita mia tatu mara nyingi. Ile dua, aliniambia, ndiyo iliyomnyima usingizi.

Nikamwambia, "Nawe wasemaje?" Akanijibu jawabu ambalo sitaki kulidharau. Akasema: "Sheikh, tajiri hununua kwa mali yake. Mimi sina mali, nina macho yangu na yale niliyoyasoma usiku. Nikimwambia kila muuzaji ninalolijua, nitanunua kwa nini?"

Ndugu zangu, hili ni neno zito. Elimu ni rasilimali, na aliyeichuma kwa taabu ana haki ya kufaidika nayo. Mfanyabiashara hakulazimishwa kumtangazia kila mtu faida yake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, bei haibatiliki kwa sababu tu mmoja amepunjika, ikiwa hakuhadaiwa. Wanavyuoni wa Kihanbali wao wamempa hiari ya kurejea katika bei yule asiyejua thamani ya mali yake, akamtegemea mwenzake, kisha akapunjwa kupita kiasi. Basi mtu aweza kusimama juu ya kauli ya kwanza akasema, "Bei yangu ni sahihi."

Lakini tazama vyema lile neno la bibi. Hakusema, "Wanunua kwa kiasi gani?" Alisema, "Vina faida gani?" Alitaka shauri. Alimfanya kijana kuwa mshauri wake, na mshauri ni mwenye kuaminiwa. Yeye akamjibu kwa ulimi wa mnunuzi. Hapo ndipo kosa lilipo. Kutojua kwa muuzaji wa sokoni, aliyeweka bei yake mwenyewe, ni jambo moja, na kutojua kwa anayekuuliza kwa imani yake kwako ni jambo jengine. La kwanza ni bahati yako. La pili ni amana.

Wamesimulia wanavyuoni kuwa Jarir bin Abdillahi, swahaba wa Mtume (s.a.w.), alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi alimwambia mwenyewe kuwa yapita bei hiyo thamani yake, akawa ampandishia mpaka akampa 800. Alipoulizwa, alitaja ahadi aliyompa Mtume ya kumtakia heri kila Mwislamu. Huyu muuzaji alikuwa radhi kwa 300! Lakini Jarir hakuitazama radhi peke yake. Alitazama radhi ile imejengwa juu ya nini.

Na sisi watu wa pwani tusimnyoshee kidole kijana huyu upesi. Nani kati yetu asiyekumbuka milango ya nakshi, makasha, sahani za kale na misahafu ya mkono iliyotoka majumbani mwetu kwa pesa ya chakula cha juma moja? Walionunua walijua, na waliouza hawakujua. Twawalaumu hadi leo. Basi tukijifunza elimu ile ile ili tuwatende wenzetu vile vile, tumebadilisha nini ila mkono wa mwenye kuchukua?

Nilimwonya pia juu ya wale wasuguao sarafu kuukuu kwa ndimu na jivu ili waziuze kwa jina la zenye kioo cha asili. Mjuzi huzitambua, asiyejua hununua. Huo ni ulaghai mtupu, sawa na mwenye kufunika nafaka iliyorowa kwa nafaka kavu.

Ama kijana, nilimwambia hivi: rudi, mwambie ukweli. Ikiwa huwezi kulipa thamani yake, ziko njia. Nunua zile nyingine kwa bei ya haki, na ile moja mtafutie mnunuzi, nawe uchukue ujira wa dalali kwa kupatana naye wazi. Huo ndio mshahara halali wa elimu yako, na maskini aweza kuula bila ya haya.

Baada ya siku chache alinijia. Alikuwa amerudi. Bibi aliitazama ile shilingi kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa sasa hauzi; alikumbuka kuwa babake ndiye aliyeifunga kitambaa kile. Zile nyingine akamwachia kwa mia tatu zile zile. Kijana hakupata ujira wala shilingi, na sandukuni mwake nafasi aliyoitengea ingali tupu. Sikumwambia kuwa hakupoteza kitu, kwani amepoteza. Nilimwambia kuwa sasa ile dua ni yake.

Pesa ya shaba iliyotolewa kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888 ina sura ya mizani. Atakayeipata, ikiwa ing'aayo au iliyofifia, na aitazame vyema kabla ya kutaja bei.