Unasoma kitabu gani siku hizi?

Baada ya swala ya Al-Asri huwa tunakaa barazani nje ya msikiti, na swali moja halikosi: "Sheikh, siku hizi unasoma nini?" Swali ni la kheri. Tatizo liko kwenye jibu. Mmoja atataja Ihya ya Imam Ghazali, wa pili Tafsiri ya Ibn Kathir, wa tatu kitabu kinene cha uchumi cha Kiingereza. Sijamsikia hata mmoja akisema, "Jamani, mimi jana nimelala saa saba usiku kwa ajili ya riwaya."

Wapo wanaovisoma kweli, na Allah awazidishie. Lakini mtu anayesifia kitabu ambacho hajakifungua, au kilichomshinda ukurasa wa ishirini, tumweke fungu gani? Wengine watasema ni jambo dogo, maana kitabu chenyewe ni cha kheri na kukitaja ni kukitangaza. Hoja hiyo siikubali. Kusifia kitabu ni kutoa ushahidi. Anayekusikiliza atatoa fedha yake na siku zake kwa kukuamini wewe. Na ajabu ni kuwa, katika vitabu 40 vilivyomo ndani ya Ihya, kimoja kinahusu kupenda jaha na ria!

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, baraza zima lilimsifu kwa saa nzima. Nikauliza ni kitabu chake kipi kilichomgusa mwenzetu. Kimya. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Wapo pia wanaonyamaza kabisa kwa kuogopa hiyo hiyo ria. Hao nawaheshimu, ila nadhani wamezidisha. Imam Ghazali mwenyewe hakumzuia mtu kudhihirisha amali yake pale anapotaraji wengine watamwiga, mradi moyo wake umesalimika. Anayenyamaza na kitabu kizuri amemnyima jirani yake.

Hasara ya yote haya humwangukia mdogo. Namfahamu kijana, fundi simu pale Kariakoo, aliyetuuliza aanze na kitabu gani. Tukamtajia vile vizito. Akaazima juzuu moja, akairudisha baada ya miezi miwili, na tangu hapo akawa anasema kusoma ni kwa watu maalumu. Aliyemwokoa ni mzee mmoja mstaafu wa bandarini, mtu asiyejua kujikweza. Alimwambia: "Mwanangu, mimi nasoma Kuli ya Adam Shafi, mara ya tatu sasa. Kuna mahali panachosha, paruke tu." Riwaya ile, iliyochapishwa mwaka 1979, inahusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Kijana aliimaliza kwa siku nne, akarudi kuulizia Vuta N'kuvute.

Atakuja mtu aseme riwaya ni lagh-wi, tena nyingine zina mambo yasiyofaa. Kweli zipo, na ndiyo maana tunamhitaji mtu aliyesoma atuambie ipi ni ipi. Ambaye hajasoma hawezi kutuonya.

Tena mzee yule hakuishia kusifu. Alikitoa kitabu chake mkononi akampa. Wengi wetu tunasifia kwa mdomo huku kabati limefungwa kwa kufuli. Najua sababu: vitabu vya kuazima havirudi, na anayekaa nacho mwaka mzima hahisi kuwa ni amana kama ilivyo fedha. Hilo nalo lingestahili khutba yake.

Kwa kuwa nimewauliza wengine, ni haki nami nijibu. Nasoma Peponi, riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994 iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri ambaye anadhani ni jamaa yake, kumbe yeye ni rehani ya deni la baba yake. Sijafika nusu, kwa hiyo mwisho wake sijui. Nikimaliza, fundi simu ameshaniwekea oda.