MAJI YALIYO CHINI YA KIWANJA CHAKO NI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Katika Suratul-Muuminun, aya ya 18, Mola wetu anatufahamisha kwamba huteremsha maji kwa kipimo, akayaweka ndani ya ardhi, naye ni muweza wa kuyaondoa. Na Suratul-Mulk inamalizika kwa kutuuliza: yakididimia, nani atatuletea mengine? Basi maji ya kisima ni akiba, na akiba ina Mwenyewe.

Wapo wasemao: "Kiwanja ni changu, foraji nimelipa mimi, nitavuta nipendavyo." Ni kweli, maji uliyoyateka ukayatia katika bidoni ni mali yako. Lakini yaliyo bado ardhini si yako peke yako. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuwanyima wengine maji yaliyozidi. Tena mafakihi wetu waliweka harimu ya kisima, yaani nafasi ambayo mwingine haruhusiwi kuchimba ndani yake, asije akavuta maji ya mwenzake. Hawakuwa na chombo cha kuona chini ya ardhi, lakini walijua kwamba visima ni majirani.

Leo satelaiti na vyombo vya kupimia vinasaidia kuchora mahali maji yalipolala na mahali mvua inapozama. Ni neema, lakini ramani si maji. Mwaka 2013 huko Turkana, Kenya, ilitangazwa kwamba kwa msaada wa satelaiti imegunduliwa hazina kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi. Baadaye yalipopimwa yakakutwa na chumvi nyingi. Nchini humo humo, watu wa Kitui na Machakos hujenga kuta katika mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji ya mvua hukaa ndani ya mchanga, na mengine huzama na kuinua visima vya kando. Hao hawakungoja kugundua; walirudisha.

Na sisi wa Kapolowe? Mtu atasema: tuna masika marefu na Ziwa Tshangalele mbele yetu, shida iko wapi? Ndugu zangu, ziwa hilo hupokea maji ya upande wa viwanda vya Likasi, na wataalamu wamekuta metali katika samaki wake. Na tunapomaliza msitu kwa kuchoma makala, udongo unabaki uchi, mvua inakimbilia Lufira bila kuzama. Ikifika Septemba na Oktoba, maji ya visima yameshuka.

Basi mwenye kuchota na arudishe:

1. Kila mwenye kisima apime kina cha maji kwa kamba, mwezi wa Aprili na wa Oktoba, aandike. Vipimo vya mtaa mzima vikikusanywa, hiyo ndiyo ramani yetu.

2. Maji ya mabati yaingie pipani, na yanayozidi yaingie katika shimo la mawe na mchanga, mbali na choo na taka za mgodi. Kuzamisha uchafu ardhini ni kumdhuru jirani, na Mtume (s.a.w.) amekataza madhara.

3. Tupande miti, tuweke matuta penye mteremko.

4. Tusifuje maji ya udhu, hata tukiwa kando ya mto.

Zamani mtu aliweza kusema hakujua kwamba pampu yake inakausha kisima cha mjane wa jirani. Leo tunaweza kupima, na anayeweza kujua hana udhuru. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma huko Madina akakiacha kwa Waislamu wote. Sisi hatukuambiwa tununue. Tusikaushe tu kile watakachokunywa watoto wetu.

Ewe Mola, tunyeshee mvua yenye manufaa, na utujaalie kuwa waaminifu wa amana Yako. Amin.