Moto wa Nyumba Nzima

Mwezi wa Juni ukiingia Kiwira, ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe kabla jua halijatua, na mtoto aliyetumwa dukani hurudi mbio, mikono kwapani. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Tanga, wanaolala madirisha wazi wakingoja upepo, labda hawatasadiki kwamba katika nchi yao hii wapo watu wanaoufikiria moto kama wengine wanavyofikiria chakula. Lakini ndivyo ilivyo Rungwe, na Njombe, na Makete. Basi twauliza leo swali linaloonekana dogo: mwenye moto nyumbani mwake ameuwasha kwa ajili ya nani?

Zamani swali hili halikuwapo. Katika nyumba ya Kinyakyusa moto ulikuwa ndani, na ng'ombe nao walilala ndani, wakiongeza joto lao. Kuota moto peke yako hakukuwezekana. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walilikuta neno ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza. Na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 chaonyesha kwamba jambo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya utu, si anasa. Tusizitukuze mno siku zile. Moshi uliwatoa wazee machozi na kuwakohoza watoto, na hata sasa haujaisha: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni.

Siku hizi twajenga nyumba za tofali na bati, zenye vyumba vinne au vitano, na kila chumba kina kitasa chake. Kupikia, twahimizwa kutumia gesi. Mpango wa Serikali uliotolewa mwaka 2024 wataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mtungi ukifungwa, jiko hupoa papo hapo, ilhali makaa ya kuni yaliendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Joto lile halikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Sasa mama akiona mwanawe anatetemeka, huchukua jiko la mkaa, huliingiza chumbani, hufunga mlango, na kuziba upenyo wa chini kwa kanga. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya hewa njema mara 200 na zaidi. Aliyelala hasikii kitu. Ole wetu! Mama huyo alitenda kwa mapenzi, na asiyejua hatahukumiwa kama anayejua. Lakini sisi tunaojua, tuliopita mlangoni pake jioni tukaliona jiko likibebwa ndani, tukanyamaza kwa kuwa si nyumba yetu, tutasema nini?

Kwa mwenye uwezo, jiko la chuma lenye dohani ya kupitisha moshi juu ya paa ni bora zaidi, mradi dohani isizibe na kuni ziwe kavu. Mti mbichi waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto huishia kuyachemsha maji hayo. Kuni hutaka kupasuliwa na kukaa miezi mingi chini ya paa, na katika mvua za Tukuyu hiyo si kazi ndogo. Wala haifai zitoke katika msitu wa hifadhi.

Jiko likiwaka sebuleni, joto hufika vyumbani kwa njia ya milango iliyo wazi tu. Baba aliyelinunua hupenda kuufunga mlango wa ukumbini. Husema, “Bora chumba kimoja chenye moto kuliko vitano vyenye uvuguvugu.” Neno hilo lina akili, moto mdogo uliotawanywa haumpashi mtu. Ila likiwa kweli, lataka kitanda cha bibi kiletwe sebuleni, na watoto watandikiwe mikeka karibu naye, mazungumzo yaendelee mpaka usingizi uwachukue. Abakize chumba kimoja, lakini asiwabakize watu nje yake. Sisi twaona kwamba wengi husema neno la baba huyu na kuiacha nusu yake ya pili, kwa sababu sebule ina viti vipya na bibi ana kikohozi.

Tena yuko msichana wa kazi, alalaye katika jiko la nje. Ndiye aliyezibeba kuni, ndiye azoaye majivu. Hutajwa mwisho, hata katika makala haya. Watu husema kwamba analipwa mshahara, na ameongezewa blanketi. Blanketi huhifadhi joto la mwili, haliwashi jipya; na aliyeingia kitandani miguu ikiwa barafu ajua jinsi usiku wa Julai ulivyo mrefu. Saa kumi na moja ataamka aje ndani kuliwasha jiko.