Nyumba Inayovutwa na Haki ya Mwenyeji

Kobe hajapata kulala ugenini. Popote alipo yupo kwake, kwa kuwa nyumba yake i mgongoni mwake. Mvua ikinyesha huingia ndani. Adui akija huingia ndani. Na rafiki akija, huingia ndani vile vile. Wazee wetu walimsifu kobe kwa subira, wakamsifu na kwa hekima, lakini sijapata kusikia hata mmoja aliyemsifu kwa ukarimu, wala aliyesimulia siku kobe alipokaribishwa kwa mtu.

Wazo hili lilinijia njiani kati ya Babati na Mbulu, nikiwa nimeketi ndani ya motokaa iliyokuwa ikivuta nyumba. Tangu safari ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sasa naliweka mbele ya wasomaji: msafiri anayejitosheleza kwa kila kitu, je, amemwondolea mwenyeji mzigo, au amemnyang'anya haki yake?

Nyumba ninayoitaja ni tela. Mwenye tela ni rafiki yangu, Mtanzania aliyefanya kazi ng'ambo kwa miaka mingi, akarudi na mali hiyo moja aliyoipenda kuliko nyingine zote. Ndani yake mna vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji, sanduku la baridi, na taa zinazowashwa kwa nguvu ya jua. Mtu anaweza kusafiri mwezi mzima ndani ya nyumba hiyo bila ya kubisha hodi popote.

Mtindo huo si mgeni duniani. Mwaka 1885 Gordon Stables, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza, aliundiwa gari la kulala lililokokotwa na farasi, akazunguka nalo nchini mwake kwa matembezi. Akaliita The Wanderer, yaani mzururaji. Na Afrika yetu iliuona mtindo huo kwa wingi mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam alipoongoza msafara wa matela 41 ya bati linalong'aa kutoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Yafaa tukumbuke kwamba hata wale waliokuja na nyumba zao walifika Addis Ababa wakawa wageni wa Mfalme Haile Selassie. Hakuna tela lililo kubwa kiasi cha kumfanya mtu asiwe mgeni katika nchi ya watu.

Kabla ya kuondoka Arusha rafiki yangu alinifundisha namna ya kupakia. Nilidhani kwamba vitu vizito huwekwa nyuma kabisa, ili motokaa isisumbuke. Akacheka, akaniambia kwamba hilo ndilo kosa linaloua watu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, tela hunyanyua shingo yake, na likishika mwendo huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa mamba, hata liivute motokaa yenyewe nje ya njia. Uzito ukizidi mbele, nao huikandamiza motokaa nyuma hata magurudumu ya mbele yapungukiwe na mshiko, na usukani usitii. Kanuni ya wavutaji ni kwamba tela liegemeze juu ya kiungio cha motokaa yapata sehemu ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo: tela la kilo 1,000 liegemeze kilo 100 hadi 150. Nilisikia somo hilo kama mtu asikiavyo habari za kazi isiyo yake, nikalisahau kwa muda.

Tukapita Makuyuni na Minjingu, tukafika Babati, na mbele yake Dareda. Hapo barabara kuu huendelea kuelekea Katesh na Singida, na njia nyingine hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh na Mbulu. Sisi tulipanda. Motokaa iliguna katika gia ya kwanza, vumbi likatufuata, na chini yetu bonde likatandazwa kama mkeka. Jua lilikuwa limekwisha kuzama tulipofika nyumbani kwa shangazi yangu, dada wa baba yangu, mjane wa makamo makubwa anayeishi nje kidogo ya Dongobesh.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibuni ndani. Kitanda nimetandika, na maji yako motoni."

Kabla sijajibu, rafiki yangu alisema kwa adabu kubwa, "Shangazi, tafadhali usijisumbue. Sisi tuna kila kitu."

Shangazi alitwaa taa yake, akalizunguka tela pole pole. Akagusa bati, akachungulia dirishani, akaviona vitanda na jiko. Akarudi akasimama mbele yetu.

"Nyumba nzuri," akasema. "Sasa kwangu mmefuata nini?"

Sikuwa na jibu. Tulikula vyakula vya makopo ndani ya tela, tukalala kwenye godoro laini, na baridi ya Mbulu haikutugusa. Asubuhi nilipoingia jikoni kumwamkia nilikuta sufuria mbili kando ya mafiga, zimefunikwa vizuri, hazijaguswa. Alikuwa amepika kabla hatujafika. Aliniona nikizitazama, akaniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Baba yako alipokuwa mwanafunzi alikwenda shuleni kwa miguu, siku mbili njiani. Alilala kwa watu wasiomjua, wakampa ugali na ngozi ya kulalia. Wengi wao sikupata kuwaona, na sasa wamekwisha kufa. Deni lao nalilipa kwa kila apitaye hapa. Jana ulinizuia kulipa."

Kabla sijamhukumu rafiki yangu nilitaka kusikia hoja yake, na haikuwa hoja dhaifu. Yeye alizaliwa katika nyumba ya maskini iliyo kando ya njia kuu. Aliona kwa macho yake baba yake akichinja mbuzi wa mwisho kwa ajili ya mgeni ambaye hakurudi tena, na mama yake akipika mahindi yaliyowekwa kuwa mbegu. Wageni walishiba wakashukuru. Watoto walingoja mavuno mengine. Aliapa kwamba akikua hatamlia maskini chakula chake kwa jina la heshima. Tela lake ni kiapo chenye magurudumu. Na nani atamlaumu? Wahenga waliosema "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ndio waliosema pia kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Walijua kwamba ukarimu una gharama, na kwamba gharama hiyo aghalabu hulipwa na mama aliye jikoni.

Basi tuna haki mbili zinazoshindana. Iko haki ya maskini asiliwe, na iko haki ya maskini atoe. Ya kwanza huonekana na kila mtu mwenye huruma. Ya pili hufichika, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba anayepokea ndiye pekee anayehitaji. Lakini mtu asiyeruhusiwa kutoa amefanywa mdogo. Ameambiwa, ijapokuwa kwa sauti ya upole, kwamba hana kitu ambacho mwingine anakihitaji.

Hatari ya jambo hili haiishii katika sufuria mbili zilizofunikwa. Wilaya ya Hanang ina kumbukumbu yake. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, hata yakaenea katika ekari zipatazo laki moja. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Njia za ng'ombe zilifungwa, na makaburi ya wazee, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yalipitiwa na plau. Taifa lilihitaji mkate, na sisemi kwamba haja hiyo ilikuwa ya uongo. Nasema tu kwamba trekta lilifika na tela lake, na mafuta yake, na wataalamu wake. Halikuhitaji kwa mwenyeji kitu chochote isipokuwa ardhi, na kwa hiyo halikumwona mwenyeji. Asiyehitaji kubisha hodi husahau upesi kwamba mbele yake pana mlango. Rafiki yangu hakuchukua ardhi ya mtu, wala simlinganishi na waliochukua. Lakini kosa dogo na kosa kubwa huweza kuota katika mbegu moja.

Upande wa pili wa nchi hiyo, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe, watu wa mawindo, asali na mizizi. Wanapohama hawavuti kitu. Mwanamume huchukua upinde na mishale, mwanamke fimbo yake ya kuchimbia na mtoto wake. Na wakifika wanakokwenda, wanawake hujenga vibanda vya matawi na nyasi kwa muda wa saa chache. Mtazamaji wa haraka atasema kwamba hawa hawana nyumba. Lakini asiyebeba nyumba huhitaji kwamba nchi yenyewe iwe nyumba yake, na kwamba jirani aiheshimu hivyo. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 ulikuwa mkubwa kwa Wahadzabe wa Yaeda, walipopata hati ya kimila ya ardhi yao. Mwenye tela huhitaji barabara tu. Mhadzabe huhitaji uhusiano na kila mti, na kila chemchemi, na kila jirani. Kwa mizani ya mali yeye ni maskini kuliko rafiki yangu. Kwa mizani ya mahali pa kulala, sina hakika.

Na ikiwa yupo anayedhani kwamba nyumba ya mtu humtosha, na aende Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliteremka kutoka Mlima Hanang, yakapita katikati ya mji na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi zilichukuliwa pamoja na vilivyokuwamo. Waliosalia walipokewa katika majengo ya shule na katika nyumba za jamaa na majirani. Jioni ile mtu aliyekuwa na nyumba ya matofali asubuhi alikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni mlango wa mtu mwingine. Milango ya namna hiyo haijengwi siku ya msiba. Hujengwa miaka mingi kabla yake, kwa chumvi iliyoazimwa na uji ulionywewa pamoja.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea Katesh siku ya pili, nilimsimulia rafiki yangu maneno ya shangazi. Alinyamaza mwendo mrefu. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na usukani, "Tela lisiloegemea huyumba." Ndipo somo la Arusha liliponirudia, nikaona kwamba jibu la swali langu lilikuwa limefungwa nyuma yetu safari nzima.

Msafiri asiyeegemeza kitu kwa mwenyeji huyumba. Hana uzito unaomfunga kwa mtu yeyote. Hupita katika nchi kama kivuli, akarudi na picha za milima bila ya jina la mtu hata mmoja. Na msafiri anayeegemeza kila kitu humkandamiza mwenyeji hata magurudumu yake ya mbele yasishike ardhi. Haki imo katika kipimo. Na achukue unga wake, na blanketi yake, na dawa zake, na fedha za kutosha, asile mbegu ya maskini. Lakini sehemu ya kumi ya haja zake aiache wazi, aje kuiomba.

Atatokea mwanafunzi mkali atakayeuliza: je, kuacha kitu makusudi ili ukiombe si unafiki? Swali ni zuri. Ningelikuwa unafiki kama mtu angeficha chumvi mfukoni akadai kwamba hana. Lakini mpakiaji wa tela huweka uzito mbele makusudi, wala hatumwiti mwongo. Anajua namna gani vitu viwili vilivyounganishwa husafiri salama, naye hutii. Anayeacha nafasi kwa ajili ya mwenyeji anakiri ukweli ambao ungalikuwapo hata kama angejaza tela lake hadi darini: kwamba yeye ni mgeni.

Tuliporudi kutoka Singida, rafiki yangu alisimama Katesh akampa mpishi wa kando ya njia mfuko wake wote wa chumvi, pamoja na makopo yaliyosalia. Sikumwuliza sababu. Tulipanda tena kutoka Dareda hadi Dongobesh, tukafika usiku. Tela aliliegesha nje ya ua, akalifunga kwa ufunguo, akaenda mwenyewe hadi mlangoni.

"Hodi, shangazi," akasema. "Tumeishiwa chumvi, na tuna njaa."

Shangazi hakulitazama tela safari hii. Alifungua mlango, akamsogezea kigoda karibu na moto, akamwuliza mama yake mzazi ni mtu wa wapi.